Nyumba ya vyumba viwili Goba: tuangalie nini kabla ya kutoa pesa?

SWALI: Mthamini, habari za kazi. Mimi na mume wangu tuna watoto wawili, wa kiume ana miaka saba, wa kike minne. Tumepanga Tabata, nyumba nzima ya vyumba vitatu. Sasa tumeonyeshwa nyumba inayouzwa Goba, ndani kidogo kutoka kwenye lami: vyumba viwili, sebule, jiko, choo kimoja cha ndani, kiwanja cha ishirini kwa ishirini, na ina "hati ya serikali ya mtaa". Bei milioni 75, maongezi yapo. Mume wangu anasema ni ndogo, mimi nasema inatutosha kuanzia. Yeye yuko Kariakoo, mimi kazi yangu ni Mwenge. Dalali anatukimbiza, anasema kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi. Tuangalie nini? — Mama wa wawili, Tabata.

JIBU: Nzuri, dada. Nianze na ubishi wenu wa nyumbani. Katika kasoro zote ambazo nyumba inaweza kuwa nazo, udogo ndio unaorekebishika kwa urahisi zaidi. Chumba kinaongezwa. Choo cha pili kinaongezwa. Ila upana wa njia inayofika getini hauuongezi wewe, korongo lililo nyuma ya ukuta hulihamishi, na foleni ya asubuhi haikungoji. Wanunuzi wengi huanza kinyume: wanaingia sebuleni, wanaona gypsum yenye taa za kujificha na marumaru zinazong'aa, mioyo inalainika, halafu mambo ya ardhi wanamwachia dalali. Nyinyi anzeni nje, muingie ndani mwishoni.

Kwanza karatasi. Hiyo mnayoambiwa "hati ya serikali ya mtaa" si hati miliki. Ni mkataba wa mauziano kati ya watu wawili, uliosainiwa mbele ya mwenyekiti au mtendaji na kugongwa muhuri. Unaonyesha kwamba fulani alimuuzia fulani. Hauonyeshi kwamba huyo fulani wa kwanza alikuwa na haki ya kuuza, wala kwamba Serikali inalitambua eneo hilo kuwa la makazi. Sisemi msinunue, sehemu kubwa ya nyumba za pembezoni mwa Dar es Salaam zimenunuliwa hivyo na watu wanaishi kwa amani. Nasema tu kwamba karatasi ya aina hiyo inakuachia wewe kazi ya kuchunguza, ambayo kwa kiwanja chenye hati ungeimaliza kwa upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtafuteni mpima, achukue vipimo vya zile kona nne za kiwanja kwa mashine yake, halafu nendeni navyo Manispaa ya Ubungo, idara ya ardhi na mipango miji. Ombeni waangalie vipimo hivyo vinaangukia wapi kwenye ramani zao. Hapo ndipo hutokea mambo: unakuta kiwanja kiko ndani ya eneo la shule, au barabara iliyopangwa lakini haijachongwa, au kipande cha shamba kubwa ambalo mtu mwingine ana hati yake tangu miaka mingi. Hili la mwisho limewaliza wengi ukanda wa Goba, Madale na Bunju, kwa sababu maeneo hayo yalikuwa mashamba kabla ya kuwa mitaa. Mpima atakugharimu laki kadhaa, na ukilinganisha na milioni 75 hiyo si pesa ya kuihurumia.

Ulizeni pia kama mtaa umepitiwa na urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kumilikisha maeneo ambayo watu walishajenga bila kupimwa. Kama umepitiwa, ombeni kuona ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, namba ya kiwanja na kitalu, na kama muuzaji alishalipia gharama za umilikishaji au anakuachia wewe deni. Kama bado haujapitiwa, jueni kwamba siku ukipitiwa kila mwenye kiwanja huombwa kuachia ardhi kidogo ili barabara zipate upana. Ishirini kwa ishirini yako inaweza kurudi ishirini kwa kumi na saba. Kwa kiwanja kikubwa hilo ni jambo dogo, lakini kwa hiki chenu, ambacho matumaini yote ya kuongeza chumba yamo kwenye hizo mita chache za pembeni, nisingelidharau.

Kuhusu hifadhi za barabara na mito, Dar es Salaam imeshafundishwa kwa gharama kubwa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, ambayo upande ule inahesabiwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, kila upande. Wapo waliokuwa wameishi pale miaka na miaka. Kwa mito na vijito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60. Goba ina vilima na mabonde, na mabonde mengi yana kijito ambacho kiangazi kinaonekana kama njia ya mbuzi. Kikiwa kwenye ramani ni mto, ni mto, hata kama hamjaona tone la maji.

Muuzaji naye ni nani? Kama ni mume, mkewe asaini ridhaa, na kama ni mke, mume vilevile. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mauzo yaliyovunjwa mahakamani kwa sababu hiyo si hadithi za kutunga. Kama nyumba ni ya urithi, usikubali muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake. Anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wengine wajue. Muombe mkataba ambao yeye mwenyewe alinunulia, kisha mtafute aliyemuuzia. Ukimpata na akasema "ndiyo, nilimuuzia, mipaka ni hii na hii", umepata kitu ambacho muhuri haukupi. Majirani wa pande zote nne nao wasimame kwenye mipaka siku ya kuoneshana. Jirani akikosekana au akikataa kuja, uliza kwa nini kabla ya kuendelea.

Na njia. Hapa nawaomba msimame kidogo, kwa sababu watu huipita kama haipo. Hiyo njia mliyopita na gari la dalali kufika getini ni ya nani? Katika maeneo yasiyopimwa njia nyingi ni hisani: mzee mmoja ameacha upenyo kwenye kiwanja chake, na wanawe wakija kugawana urithi upenyo unakuwa kibanda cha duka. Ulizeni mtaani kama njia iko kwenye ramani au ni makubaliano ya mdomo. Halafu ipimeni. Boza la maji linapita? Gari la kunyonya majitaka linaweza kufika na kugeuza? Siku jiko likiwaka, zimamoto watasimama wapi? Nyumba isiyofikika na gari la majitaka ni nyumba ambayo choo kikijaa mtachimba shimo jipya, na kwenye ishirini kwa ishirini nafasi ya mashimo mengi haipo.

Sasa maji ya mvua. Mnafahamu habari za Jangwani na bonde la Msimbazi, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliyofanya wahanga wapelekwe Mabwepande. Watu wakisikia Goba ni mlimani husema kule hakuna mafuriko. Ni kweli maji hayasimami sana. Tatizo la mlimani ni maji yanayokimbia: yanakata njia, yanachimba chini ya msingi, na korongo linasogea kidogo kidogo kila masika mpaka linafika kwenye ukuta. Kwa hiyo msitazame tu kama eneo liko juu. Simameni nyuma ya nyumba mtazame upande wa kilimani, mjiulize maji ya huko juu yakishuka yanapita wapi. Kama kuna kiwanja kitupu chenye majani juu yenu, jueni kwamba leo yale majani yanakunywa sehemu kubwa ya mvua. Mwenye kiwanja akija kujenga, akaezeka bati, akaweka pavingi uwanja mzima, maji yote hayo yatatafuta pa kutokea, na njia rahisi ni kwenu.

Dawa bora ni kwenda mvua ikinyesha, au asubuhi yake. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kama mko nje ya hapo, someni alama. Angalieni viroba vya mchanga na matairi yaliyopangwa pembezoni mwa njia. Angalieni milango ya majirani: kama wengi wamejenga kizingiti cha tofali mbili tatu mlangoni, hawakufanya kwa urembo. Angalieni mizizi ya miti iliyobaki wazi na misingi ya kuta za uzio iliyoanza kuonekana. Hiyo inaonyesha udongo uliokwisha kuondoka. Halafu nendeni kijiwe cha bodaboda kilicho karibu. Bodaboda hana cha kupoteza kwa kukwambia ukweli. Mwulizeni mvua kubwa ikinyesha anafika hadi pale au anamshushia abiria wapi, na usiku saa nne anatoza kiasi gani kutoka kwenye lami. Bei ya usiku ikiwa mara tatu ya mchana, hamhitaji tena kuuliza habari za usalama.

Maji ya bomba nayo yachunguzeni vizuri. Goba ilikaa miaka mingi ikiishi kwa maboza na visima kabla mabomba ya DAWASA kuanza kusambaa, na hata leo kuwa na bomba na kuwa na maji ni vitu viwili. Ombeni namba ya mita na ankara za miezi michache. Ankara zenye matumizi madogo mno kwa nyumba yenye watu zinaonyesha kwamba maji hayatoki au wanatumia chanzo kingine. Mwulizeni jirani, si muuzaji, maji hutoka siku zipi. Mnakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka kwa ukame. Wakati kama huo walio juu mlimani na mwisho wa bomba ndio wa kwanza kukauka na wa mwisho kupata. Kwa hiyo tangi la lita elfu mbili au zaidi lihesabuni kuwa ni sehemu ya nyumba, na kama halipo, liingizeni kwenye bei. Kama kuna kisima, onjeni. Kama kina chumvi, bomba na koki zitaliwa, na mtakuwa mnanunua maji ya kunywa kila siku.

Umeme ni rahisi kuupima. Mkiwa palepale nunueni umeme wa elfu chache kwa namba ya mita ya nyumba. Ujumbe wa LUKU utaonyesha makato, na kama kuna deni mtaliona. Kodi ya majengo siku hizi hukatwa humohumo, Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ya chini. Ikionekana imelimbikizwa, ni ya muuzaji kuimaliza.

Safari. Mume wako Kariakoo, wewe Mwenge, na kutoka Goba hizi ni njia mbili tofauti. Yeye pengine atateremkia Mbezi Mwisho, aunganishe hadi Kimara akapande mwendokasi. Wewe utapitia Makongo au utokee Tangi Bovu. Ramani ya simu Jumapili mchana itawadanganya. Fanyeni hivi: siku ya kazi, kila mmoja aondoke pale kwenye nyumba saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa usafiri uleule atakaoutumia maishani, afike kazini, na jioni arudi palepale. Andikeni nauli zote, pamoja na bodaboda ya kutoka ndani hadi lami. Zidisheni kwa siku 26 za mwezi. Nimeona familia zikihama kukwepa kodi ya nyumba ya laki tatu zikaishia kuongeza laki mbili za nauli, na baba anawaona watoto wamelala asubuhi na usiku. Huo ni uamuzi halali, wapo wanaoukubali kwa moyo mweupe kwa sababu nyumba ni yao. Lakini uwe uamuzi, usiwe kitu mlichokigundua mwezi wa pili.

Mtaa wenyewe unahitaji kutembelewa usiku. Mchana kila mtaa wa Goba ni mtulivu. Nendeni Ijumaa au Jumamosi saa tatu usiku, mzime gari mkae. Baa iko wapi, spika zimeelekea wapi? Kuna nyumba ya ibada yenye mkesha? Hakuna ubaya na ibada, ubaya ni spika kubwa mita thelathini kutoka kwenye dirisha la mtoto wa miaka minne. Mchana mwulizeni mwenye genge na mama ntilie, hao ndio wanaojua nani ni nani: ulinzi shirikishi upo au umekufa, taka zinachukuliwa au zinachomwa, kuna mfugaji wa nguruwe au kuku upande upepo unakotokea. Tembeeni kwa miguu hadi shule ambayo mtoto wa miaka saba atasoma, kwa mwendo wake yeye, mkihesabu mara ngapi anavuka barabara. Kama mtamsomesha shule ya basi, ulizeni basi linaingia hadi wapi; mengi hayaingii njia mbaya, na wewe ndiye utakayesimama barabarani gizani ukimsubirisha.

Haya, tuingie ndani.

Ndani kwangu mimi naanza na paa, kwa sababu muuzaji hakutarajia nitazame juu. Kama ni hizi nyumba za kisasa zenye paa la kujificha nyuma ya ukuta, ombeni ngazi mpande. Mfereji wa ndani ndio unaovuja, na ukishaanza kuvuja gypsum inakuwa na madoa ya rangi ya chai kwenye kona. Doa lililopakwa rangi upya huonekana ukiwasha tochi ya simu ukaielekeza sambamba na dari. Paa la kawaida lenye mteremko kwangu lina alama zaidi, si kwa uzuri, ila kwa sababu ukitaka kuongeza chumba fundi anaendeleza kenchi. Kwenye paa la kujificha kila nyongeza ni mfereji mwingine na mahali pengine pa kuvuja.

Kuta: nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta si habari. Zinazonitisha ni zile zinazopanda kwa ngazi zikifuata viungo vya tofali, au zinazoanzia kona ya dirisha zikishuka hadi chini, hasa kama ukingo wa sarafu unaingia. Hizo zinaonyesha kwamba msingi umetembea. Tazameni kama nyumba ina mkanda wa zege juu ya madirisha na nguzo kwenye kona; nyumba ndogo nyingi za kujengwa taratibu ziliruka mkanda ili kuokoa saruji. Rangi mpya kutoka sakafuni hadi kiunoni, wakati juu ni ya zamani, mara nyingi imefunika unyevu au chumvi inayokula plasta. Gongeni marumaru kwa sarafu. Zinazolia tupu hazikushika. Fungueni koki zote kwa pamoja na mvute choo, mwone maji yanaondoka kwa kasi gani, kisha mtoke nje kufungua chemba. Harufu na kina cha kilichomo vitawaambia mengi kuliko fundi wa muuzaji.

Sasa udogo, ambao ndio ulioleta swali. Chukueni futi kamba. Chumba cha mita tatu kwa tatu kinabeba kitanda cha tano kwa sita, kabati, na nafasi ya kupita. Kikiwa mita mbili na nusu, mlango na kabati vitagombana. Mtoto wa kiume ana miaka saba, wa kike minne: dabodeka itawafaa kwa miaka mitatu, minne hivi, baada ya hapo itabidi watengane. Dada wa kazi analala wapi? Mama mkwe akija kwa matibabu akakaa mwezi? Siku ya msiba, turubai na viti vitakaa wapi bila kuziba njia ya watu wengine? Haya si maswali ya anasa, ndiyo maisha yetu yalivyo, na ramani ya vyumba viwili haikuyafikiria. Kwa hiyo kwa familia yenu nyumba hii ni ya kuanzia tu, na thamani yake kwenu iko kwenye jibu la swali moja: inaongezeka?

Chukueni karatasi mchore kiwanja. Wekeni nyumba ilipo, shimo la choo, chemba, tangi, geti, na mti kama upo. Mita mia nne si haba. Nyumba ya aina hii hula kama mita za mraba sabini na kitu. Kama aliyejenga aliisogeza nyumba upande mmoja akaacha nafasi ya kutosha upande wa pili, na shimo liko mbele au nyuma, vyumba viwili na choo vinaingia vizuri, na wewe dada umeshinda ubishi. Kama nyumba imekaa katikati kabisa kama kitumbua kwenye sahani, pande zote zimebaki mita tano, sita hivi, na shimo limekaa pale pekee panapofaa, mume wako ana haki. Hapo kuongeza ni kuhamisha mfumo wote wa majitaka, au kupanda juu, na kupanda juu hakuwezekani kwenye msingi uliomwagwa kwa nyumba ya chini. Kumbukeni pia kwamba nyongeza inahitaji kibali cha ujenzi, na kwa kiwanja kisichopimwa kibali ni shida kukipata.

Bei nayo msiipime kwa kusikiliza nyumba nyingine zinauzwaje, maana madalali wanauziana bei wao kwa wao. Sisi wathamini, kwa nyumba ya namna hii, tunatenganisha ardhi na jengo, na nyinyi mnaweza kufanya hivyo kwa kalamu. Ulizeni watu watatu wasiofahamiana kiwanja kitupu cha ishirini kwa ishirini kwenye mtaa uleule kinakwenda kwa kiasi gani. Tuseme mnaambiwa milioni 25. Basi jengo mnauziwa milioni 50. Pimeni jengo kwa nje. Kama ni mita nane kwa tisa, ni mita za mraba 72, maana yake mnalipa karibu Sh 694,000 kwa kila mita ya mraba. Mpelekeni fundi mnayemwamini, asiyemjua dalali, awaambie kujenga nyumba kama ile leo, kwa kiwango kilekile, kungegharimu kiasi gani kwa mita. Toeni uchakavu na marekebisho mliyoyaona. Mkipata tofauti kubwa, hapo ndipo "maongezi yapo" inapoanza, na mnaongea mkiwa na hesabu mkononi. Kama mtakopa benki, watawatumia mthamini wao. Lakini benki nyingi hazitakubali karatasi ya mtaa kuwa dhamana, basi ulizeni hilo mapema.

Gharama za pembeni ziandikeni tangu sasa. Wakili, ushuru wa stempu asilimia moja ya thamani, mpima, na dalali kama makubaliano yanasema mnamlipa nyinyi. Kodi ya faida ya kuuza mali (si VAT), ambayo kwa kawaida ni asilimia kumi ya faida, ni ya muuzaji, na mkataba useme hivyo waziwazi. Ofisi ya mtaa huenda ikawadai asilimia kumi ya bei "kama ilivyo desturi". Hakuna sheria inayompa mwenyekiti asilimia hiyo. Kuwalipa chochote au kutolipa ni juu yenu, lakini ombeni risiti, na mtaona kiwango kinavyoshuka. Majina yote mawili, lako na la mume wako, yaandikwe kwenye mkataba. Dada, hili usimwachie mtu kwa kuona haya.

Kuhusu mteja wa Jumamosi: pengine yupo, pengine hayupo. Uchunguzi niliouandika hapa unahitaji kama wiki mbili mkijituma, na muuzaji mkweli anaweza kuwapa wiki mbili. Akikataa kabisa bila kitu mkononi, mnaweza kutoa pesa kidogo ya kushikia nyumba, kwa maandishi mbele ya wakili, kwenye akaunti yenye jina la muuzaji mwenyewe na si la dalali, na karatasi iseme kwamba pesa inarudi yote iwapo Manispaa itasema eneo lina tatizo, mwenza akikataa kusaini, au mipaka ikikataliwa na jirani. Mpelekee dalali masharti hayo leo jioni. Akianza kusema karatasi hazina haja, "tunaaminiana", mwache huyo mteja wa Jumamosi aichukue.